Kufu na Mahaba: Hadithi Inapohama Nchi

Jambo nililonuia kulizungumza leo ni la mahaba. Si mahaba ya watu wawili peke yao, bali ya zile hadithi ambazo zilitungwa zamani katika nchi moja, zikapendwa kizazi baada ya kizazi, kisha akatokea mtunzi wa nchi nyingine na wa zama nyingine, akazichukua, akazipa lugha mpya na hewa mpya, na akatusimulia kama kwamba zilitokea mlangoni pake.

Wako watu, na miongoni mwao wamo wasomi ninaowastahi, ambao huitazama kazi ya namna hii kwa jicho la dharau. Husema kwamba mtunzi anayesimulia upya kisa cha mwenzake amekiri ufukara wa fikira zake, na hutukumbusha neno la wahenga kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Rai hiyo sikatai kwamba ina chembe ya kweli, kwa kuwa nimesoma visa kadha wa kadha vya kuhamishwa ambamo kilichobadilishwa ni majina ya watu na vyakula vya mezani tu, na mengine yote yakabaki yananing'inia hewani. Walakini naomba tuutazame mkarafuu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mbali huko mashariki, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Na sasa hakuna mtu mwenye insafu anayeweza kuuita mti wa kuazima, kwani udongo wa Pemba umeupokea, mikono ya watu wa Pemba imeulea, na harufu yake imekuwa ndiyo harufu ya nchi. Swali la haki, basi, si kama hadithi imehamishwa, bali ni kama imeshika mizizi. Na usiku huu nataka tulitafute lile linaloifanya ishike.

Kwanza nakumbusha kwamba kazi hii si ngeni kwetu. Watangulizi wetu wa pwani, waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walipokea visa vingi kutoka Arabuni, wala hawakuridhika kuvifasiri neno kwa neno. Walivimimina katika bahari ya utenzi, wakavipa vina na mizani, wakavifanya vyao hata vikaghaniwa barazani na wake kwa waume. Utenzi wa Mikidadi na Mayasa, ambao Alice Werner aliuhariri ukachapwa Uingereza mwaka 1932, ni shahidi wa kutosha. Humo kijana shujaa lakini fakiri anampenda binti wa ami yake, na baba wa binti, asiyetaka mkwe maskini, anadai mahari ambayo anajua kijana hana. Naye kijana, badala ya kukata tamaa, anaondoka kwenda kuitafuta katika nchi za hatari. Vilevile Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, alikitwaa kisa cha Abdullah bin Fadhil na nduguze kilichomo katika Alfu Lela Ulela. Wale ndugu mahasidi, ambao katika kisa cha asili waligeuzwa mbwa, kwake yeye wakawa manyani, na ndani ya kisa hicho akatia maadili yake mwenyewe kwa Kiswahili ambacho hapana aliyekuwa nacho ila yeye. Je, kuna aliyepata kumwambia Shaaban Robert kwamba alivaa nguo ya kuazima?

Sasa niwaambie ninaloliamini. Kila hadithi kubwa ya mahaba imejengwa kwa vitu viwili: watu wawili wanaopendana, na ukuta uliosimama baina yao. Kupendana hakuna nchi. Moyo wa msichana wa Najdi na moyo wa msichana wa Tanga hupiga mapigo mamoja, na mtunzi wa hadithi hana haja ya kuuhamisha. Ukuta ndio wenye nchi. Ukuta una tarehe yake, una sheria yake, una watu waliouchimbia msingi na watu wanaoupaka chokaa kila mwaka ili nyufa zisionekane. Kwa hiyo mtunzi anayehamisha hadithi ya mahaba anahamisha ukuta kabla ya kitu kingine chochote. Na kwa kuwa ukuta wa nchi ngeni hauwezi kubebwa merikebuni, hana budi kuutafuta katika nchi yake ule ambao umesimama pale pale, wenye uzito ule ule, na kuwaumiza watu kwa namna ile ile. Akiupata, hadithi imeshika mizizi. Akiukosa, hata akiwavisha kanzu na buibui wahusika wake wote, hana hadithi mkononi.

Sisi watu wa pwani tuna neno la ukuta huo, tena tumelirithi pamoja na elimu ya ndoa: kufu. Katika madhehebu ya Shafii wanavyuoni waliyataja mambo ambayo kwayo mume hupimwa kama amelingana na mke: nasaba, dini na mwenendo, uhuru, kazi anayoifanya, na kusalimika na kasoro za mwili. Mizani hiyo iliwekwa iwe sitara ya binti na walii wake, asiozwe kwa dhila. Lakini nani miongoni mwetu hajaona mizani hiyo ikigeuzwa rungu, akapigwa nalo kijana mwema kwa sababu babu yake alikuwa hivi au baba yake alikuwa vile? Neno lenyewe ni fupi, na husemwa kwa sauti ndogo, nyuma ya pazia: si kufu yake. Naomba mlishike neno hilo, kwa kuwa linafungua mlango wa kitabu nitakachokitolea mfano, ingawa mwandishi wake hakulijua.

Kitabu hicho ni Wuthering Heights, kilichotungwa na Emily Brontë, binti wa kasisi, aliyezaliwa mwaka 1818 na kukulia katika kijiji cha Haworth, kwenye nyika za baridi za Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Kilichapwa mwezi wa Desemba mwaka 1847, kwa jina la kujificha la Ellis Bell. Na Desemba iliyofuata mwandishi akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 30, bila ya kuchapa riwaya nyingine. Jina la kitabu ni jina la nyumba iliyo juu ya kilima, na neno lake la kwanza ni la lahaja ya watu wa nchi ile, la kueleza namna upepo unavyovuma na kulia mahali pasipo kinga. Mwenye nyumba hiyo, Mzee Earnshaw, siku moja aliondoka kwa miguu kwenda mji wa Liverpool, maili 60 kwenda na maili 60 kurudi, akaahidi kuwaletea wanawe zawadi. Akarudi usiku wa tatu, amechoka taabani, zeze la mwanawe limevunjika njiani, mjeledi wa bintiye umepotea, na ndani ya koti lake amembeba mtoto mchafu, mweusi wa sura, asiye na kwao, anayesema maneno yasiyofahamika. Wakampa jina la mtoto wao aliyekufa, Heathcliff, na jina hilo moja likawa ndilo jina lake na ndilo la ukoo wake, kwani ukoo mwingine hakuwa nao.

Mtoto huyo na Catherine, binti wa nyumba, wakakua pamoja nyikani wakapendana mapenzi yasiyoweza kutenganishwa. Lakini mzee alipokufa, mwanawe Hindley akamshusha Heathcliff akamfanya kibarua, akamnyima elimu, akamzoeza mapigo na matusi. Hapo ndipo panapotokea usiku wa jikoni, ambao kwangu mimi ni miongoni mwa nyakati kubwa kabisa katika hadithi za ulimwengu. Catherine anamweleza Nelly Dean, mtumishi wa nyumba, kwamba kijana tajiri wa jirani, Edgar Linton, amemposa naye amekubali. Na anapoulizwa juu ya Heathcliff, anajibu kwamba kuolewa naye kungemshusha hadhi. Heathcliff amelala juu ya benchi gizani, nao hawamwoni. Analisikia neno hilo, anainuka kimya kimya na kutoka nje usiku ule, na hivyo halisikii neno linalofuata, neno ambalo Catherine anaeleza kwamba roho yake na ya Heathcliff ni kitu kimoja. Miaka mitatu baadaye anarudi na mali ambayo hapana ajuaye alikoichuma, na maisha yake yote yaliyobaki anayatumia kulipa kisasi juu ya koo zote mbili. Mikidadi wetu naye alitengwa kwa ajili ya umaskini, akaenda kutafuta mali. Lakini Mikidadi aliondoka akijua anapendwa, na Heathcliff aliondoka akiamini kwamba amedharauliwa. Nusu ya sentensi ndiyo iliyomgeuza mmoja akawa shujaa na mwingine akawa adhabu.

Zingatieni pia mji wa Liverpool. Mwandishi hakutuambia mtoto yule alitoka wapi wala alizaliwa na nani, na watu wa kitabuni wanakisia kila mmoja kwa kiasi cha ujinga wake. Lakini mwishoni mwa karne ya 18, wakati ambao kisa kinatokea, Liverpool ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Uingereza katika biashara ya watumwa, na merikebu zake zilikuwa zikitoka huko kwenda pwani ya magharibi ya Afrika, kisha zikivuka na shehena ya wanadamu kwenda visiwa vya Karibi. Mtoto mweusi wa sura, aliyeokotwa katika njia za mji huo, lugha yake haijulikani: Emily Brontë aliuacha mlango huo wazi kwa upana wa kidole kimoja tu, na ikapita miaka karibu 150 kabla ya kutokea mwanamke wa kuusukuma.

Mwanamke huyo ni Maryse Condé, mzaliwa wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa, aliyepata kuishi na kusomesha katika nchi za Afrika ya magharibi, na aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1995 alitoa kwa Kifaransa riwaya ambayo kwa Kiingereza huitwa Windward Heights, nayo ni Wuthering Heights iliyohamishwa kutoka nyika za Yorkshire ikapelekwa Cuba na Guadeloupe, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Heathcliff wake anaitwa Razyé, na jina hilo, kwa lugha ya Kikreoli, ni la vichaka vya nyika ambako aliokotwa. Heathcliff naye ana nyika ndani ya jina lake, na mfasiri wa juu juu asingaliona hilo. Hata upepo haukusahauliwa, kwani nyumba ya kilimani imepewa jina la Kifaransa lenye upepo ndani yake, na upepo wa Karibi ni wa tufani zing'oazo mapaa.

Lakini ukuta ndio niliotaka mwuone. Katika Guadeloupe ya Maryse Condé, Razyé ni mweusi. Cathy, mpenzi wake, ni binti wa familia ya machotara, ambao wamepanda daraja moja na hawataki kushuka. Na tajiri anayemwoa ni Mzungu wa ukoo wa mabwana wa mashamba ya miwa. Utumwa katika makoloni ya Ufaransa ulifutwa mwaka 1848, mwezi wa nne tu baada ya kitabu cha Emily kutoka. Lakini watu waliofutiwa utumwa hawakufutiwa rangi, na vizazi vyao viliendelea kupimana ngozi kama vile mfua fedha apimavyo fedha. Kwa hiyo Cathy anapomwacha Razyé, hatuna haja ya kuelezwa sababu. Nchi nzima imesimama baina yao. Na Condé akaongeza jambo moja la busara kubwa. Katika kitabu cha asili kisa karibu chote kinasimuliwa na Nelly Dean, mtumishi, ambaye anajua siri za kila mtu na hapana anayemwuliza siri zake. Katika kitabu cha Guadeloupe watumishi ni wengi, na kila anayepewa zamu ya kusema anaanza na maisha yake mwenyewe, kazi yake, watoto wake, majonzi yake. Waliokuwa wakibeba kisa cha mabwana wamepata nao kisa chao. Huko siko kuazima. Huko ni kulipa deni la mwenye kitabu, ambalo mwenyewe hakuwahi kulilipa.

Tuondoke sasa twende Ujapani. Minae Mizumura, aliyezaliwa Tokyo na kuhamia Marekani pamoja na wazazi wake akiwa msichana mdogo, alitoa mwaka 2002 riwaya kubwa yenye majuzuu mawili, ambayo kwa Kiingereza huitwa A True Novel. Heathcliff wake ni Taro Azuma, yatima aliyerejea na jamaa zake kutoka Manchuria baada ya Ujapani kushindwa vita mwaka 1945, akiwa mmoja wa wale maelfu kwa maelfu waliorudi mikono mitupu katika nchi iliyoteketea. Na mpenzi wake ni Yoko, msichana wa familia yenye majirani na jamaa wa kitajiri, ambao kila kiangazi huenda kupunga hewa katika nyumba zao za Karuizawa, mlimani, wakinywa chai katika vikombe vya Kizungu. Msimulizi ni Fumiko, mtumishi wa nyumba, na mwenye kumsikiliza ni kijana mgeni, kama vile Nelly Dean alivyomsimulia mpangaji mgeni Lockwood. Taro anaondoka kwenda Marekani, anaanza kwa kazi ya udereva wa gari la tajiri, na anarudi na utajiri mkubwa. Lakini anarudi wakati Yoko ameolewa.

Hapa pana somo ambalo Guadeloupe haikutupa. Katiba ya Ujapani ya mwaka 1947 iliondoa daraja za ukabaila. Kwa sheria, Taro na Yoko walikuwa sawa kama meno ya kitana. Mizumura anatuonyesha kwamba ukuta unaweza kuvunjwa katika vitabu vya serikali na ukabaki umesimama barabara katika namna mtu anavyoshika kikombe, anavyoinama, anavyolitamka jina la mtaa wake. Na pengine ukuta wa namna hiyo ndio mbaya zaidi, kwa sababu aliyeumia hana hata wa kumshitaki. Mwandishi mvivu angalisema kwamba hadithi ya daraja na nasaba haiwezi kuwekwa katika zama za usawa. Mwandishi huyu alitazama vizuri zaidi, akaona kilichobaki.

Si kila aliyekihamisha kitabu hiki aliufikia upeo huo, na ni haki nieleze palipopungua. Filamu ya Hollywood ya mwaka 1939, aliyoitengeneza William Wyler, ni nzuri kwa macho na waigizaji wake ni mahodari, walakini ilikikata kitabu katikati, ikaacha kizazi cha pili chote, kama kwamba msiba wa wazazi hauna urithi. Mumbai, mwaka 1966, Dilip Kumar na Waheeda Rehman waliigiza Dil Diya Dard Liya, filamu iliyotokana na kitabu hiki hiki. Nyimbo zake ni tamu, na uchungu wa yatima anayeteswa umeigizwa kwa ustadi mkubwa. Lakini yatima yule anadhihirika kuwa ni mrithi wa ufalme, na nasikitika kusema kwamba hapo kisa kinatoroka vita vyake. Ikiwa kijana aliyedharauliwa kwa kukosa nasaba anapewa nasaba, basi waliomdharau walikosea mtu tu, hawakukosea kanuni. Angalikuwa maskini kweli, dharau yao ingalikuwa halali. Emily Brontë hakumpa Heathcliff baba mfalme. Alimwacha bila ya baba mpaka kaburini, na ugumu huo wa moyo ndio ukweli wa kitabu.

Yaweza kuulizwa: mbona hadithi nyingine huhama kwa wepesi, na hii inataka jasho? Jibu ni kwamba kuta hazilingani. Pride and Prejudice, ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1813, inahusu mama mwenye mabinti watano wasio na mali ya kurithi na hofu yake ya kutowaoza. Basi mwaka 2004 Gurinder Chadha aliposimulia kisa hicho katika mji wa Amritsar, India, kwa nyimbo na ngoma, na mwaka 2019 Soniah Kamal alipokisimulia katika Pakistani ya leo kwa riwaya iitwayo Unmarriageable, hapana aliyestaajabu, kwa sababu mama yule yupo huko, na posa, na maneno ya majirani, na hesabu ya mali ya bwana arusi, vyote viko sebuleni. Nathubutu kusema yuko pia Mombasa, na yuko Moroni, na yuko Dar es Salaam. Ukuta wa Austen ni ukuta wa nyumba, wenye mlango. Mwenye adabu na akili huweza kuupita. Ukuta wa Brontë ni wa ngome.

Sasa nawageukia watunzi wetu, wazee kwa vijana, nikiwa na ombi. Pwani yetu inayo ngome hiyo, na wengi wetu tunapita kando yake kila siku tukiinamisha macho. Unguja na Pemba utumwa ulifutwa kwa amri ya mwaka 1897, na hata hapo masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Pwani ya Kenya ulifutwa mwaka 1907. Na Tanganyika haukufutwa kisheria ila mwaka 1922. Hesabuni vizazi, havizidi vinne au vitano. Yako mashamba ya mikarafuu ambako mtoto wa bwana na mtoto wa mtumwa walikula sinia moja na kucheza chini ya mti mmoja, kisha ikafika siku ya posa, na neno lile fupi likasemwa nyuma ya pazia. Iko tufani ya mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi usiosemeka, ikawafilisi matajiri waliodhani mali yao ina mizizi. Uko upepo wa kusi, ambao haukosi kulia katika madirisha ya nyumba iliyo juu ya kilima. Yuko yaya mzee aliyewalea wote, na aliyeyaona yote, na ambaye hajaulizwa. Hivi ni nini tunachokingoja?

Nami simwambii mtunzi alifunue jambo hili kwa inda, au ili watu watukanane nasaba. La, Mungu atuepushe na hilo. Namwambia kwamba hadithi ya mahaba ndiyo chombo cha upole kupita vyote cha kulisemea lile ambalo katika hotuba lingewasha moto, kwa kuwa msomaji huwapenda kwanza wale wawili, na akisha kuwapenda, huuona ukuta kwa macho yao, hata kama yeye mwenyewe ni miongoni mwa walioupaka chokaa. Wala asiyeutaka ukuta wa zamani halazimiki kuurudia. Leo tunazo kufu mpya: kufu ya shahada na asiye na shahada, kufu ya kabila, kufu ya mtaa wa umeme na mtaa wa kibatari, kufu ya aliyezaliwa Muscat au London na aliyebaki nyumbani. Ziko riwaya za kale tele zinazongoja mtu wa kuzipeleka huko. Nasihi yangu ni moja: usianze na majina, wala mavazi, wala magari ya farasi. Anza kwa kuwauliza wazee wa mtaa wako ni nani aliyekataliwa kumwoa nani, na kwa neno gani. Ukilipata neno hilo, hadithi utakuwa umeipata.

Nimesema kwamba Hollywood ilikiacha kizazi cha pili, na sitaki nami niondoke kabla ya kukitaja. Juu ya mlango wa nyumba ya Wuthering Heights pamechongwa jina na mwaka: Hareton Earnshaw, 1500. Heathcliff, katika kulipa kisasi, alimlea mtoto wa adui yake Hindley, aliyeitwa kwa jina hilo hilo la babu, bila ya kumfundisha herufi hata moja. Kijana akawa anapita kila siku chini ya jina lake mwenyewe asiweze kulisoma. Alipolisoma kwa mara ya kwanza, kwa taabu, akamwonyesha binti wa Catherine kwa furaha, binti alimcheka kwa sababu tarakimu hajazijua. Mwisho wa kitabu, binti yule yule ndiye anayeketi naye na kumfundisha kusoma, na wawili hao wanajiandaa kuoana. Ukuta uliowaua wazazi haukuvunjwa kwa upanga wala kwa mali. Ulivunjwa kwa kitabu kilichofunguliwa baina ya watu wawili.

Lamu na Unguja tunayo milango ya nakshi yenye maandishi na tarehe juu yake, na wengi wetu hupita chini yake bila ya kuinua macho. Hadithi ngeni, ikisimuliwa kwetu na mtu wa kwetu aliye mkweli, hutuinua kichwa tukasome yaliyoandikwa juu ya mlango wetu wenyewe. Kwa hiyo, mtunzi, twaa kalamu. Na wewe, msikilizaji, akikujia mwana na swali la nani alikataliwa na kwa nini, usimfukuze. Mkalishe, umsimulie.